Sura ya Saba: Kitukutuku, Mwindaji wa Upenuni

Katika kaunti za Kisii na Nyamira hakuna mwezi unaoweza kuitwa mkavu kabisa. Mvua za masika hushika kuanzia Machi hadi Mei, za vuli hurudi kuanzia Septemba hadi Novemba, na hata Januari wingu la alasiri laweza kumkimbiza mtu aliyeanika nguo. Sehemu kubwa ya nyanda hizi, zilizo kati ya mita 1,500 na zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Ndiyo maana chai hustawi kutoka Ogembo hadi Nyansiongo, migomba huzunguka kila boma, na udongo mwekundu hugandamana na viatu kwa miezi mingi.

Mdudu anayehitaji vumbi kavu mwaka mzima angedhaniwa hana pa kuishi hapa. Anapo. Paa la mabati likitokeza nje ya ukuta, matone ya mvua huchora mstari ardhini. Nje ya mstari huo ni matope na nyasi. Ndani yake hubaki ukanda mwembamba, pengine hauzidi hatua moja kwa upana, ambao maji hayaufikii. Udongo wa hapo hukanyagwa na watu na kuparuliwa na kuku mpaka unasagika kabisa. Vivyo hivyo chini ya ekiage, ghala la Abagusii, wenyeji wa nyanda hizi, linaloinuliwa juu ya nguzo ili nafaka isipate unyevu, na chini ya jiwe lililoinama kwenye miteremko ya Manga. Katika vumbi la mahali kama hapo utaona vishimo vya mviringo, vingi vikiwa na upana wa sentimita mbili hadi tano, vimefuatana kandokando ya ukuta. Kila kimoja kina mwenyewe, naye ni kitukutuku.

Watoto wanamjua vizuri kuliko watu wazima. Huchukua ujani mwembamba wa nyasi, wakagusagusa ukingo wa kishimo, na vumbi hurushwa kutoka chini kana kwamba ardhi imekasirika. Mchezo huo ni mlango wa elimu kubwa. Ndani ya kishimo kisichozidi kina cha kidole kuna fizikia ya udongo, kemia ya sumu, na swali ambalo wanabayolojia wamelihangaikia kwa muda mrefu: mnyama asiyefuata chakula chake huishi vipi? Karibu kila jambo la ajabu katika mwili na mwenendo wa kitukutuku linaeleweka ukikumbuka kwamba anaishi kwa kungoja.

Kuchimba kinyumenyume

Anayekaa chini ya kishimo ni buu, yaani mdudu mchanga ambaye siku moja atakuwa na mabawa. Urefu wake ni kama sentimita moja. Ana rangi ya udongo unaomzunguka, tumbo nene lenye umbo la yai, kichwa bapa, na mataya mawili marefu yaliyopinda kuelekeana, yenye meno upande wa ndani. Mwili wake umejaa vinyweleo vigumu, na vingi vimeelekea mbele. Miguu yake sita humpeleka upande mmoja tu, nyuma. Kitukutuku mchimba vishimo hawezi kutembea kwenda mbele.

Anapotafuta mahali pa kuweka mtego husafiri chini kidogo ya uso wa vumbi, tumbo likitangulia, na alipopita hubaki mfereji mwembamba unaopindapinda. Ukiamka mapema kabla ukumbi haujafagiliwa utaiona mifereji hiyo. Mingine huzunguka na kujikata yenyewe mara kadhaa, mingine huishia penye kishimo kipya.

Akipata mahali panapomfaa huanza kuzunguka. Duara la kwanza ndilo kubwa, nalo huamua upana wa mtego. Kutoka hapo huenda kinyumenyume kwa kuzungukia ndani, kila mzunguko ukiwa mdogo kuliko uliotangulia, huku akibeba vumbi juu ya kichwa na mataya yaliyofumbwa na kulirusha nje kwa mshtuko wa shingo. Kazi hiyo humalizika akiwa katikati kabisa, chini, mwili wote umefukiwa na mataya yamefunguliwa.

Kwa nini azunguke, badala ya kukaa katikati na kurusha tu? Mwaka 2019 kundi la watafiti lililoongozwa na Nigel Franks wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, lilichapisha jibu. Kuchimba kwa kuzunguka huondoa chembe kubwa haraka zaidi, kwa kuwa chembe kubwa huporomoka zikakusanyika mahali anapochimba, naye huzitupa nje. Kuta za kishimo hubaki zimefunikwa na chembe ndogondogo. Mdudu mdogo akikanyaga chembe kubwa hupata pa kushika, lakini akikanyaga chembe ndogo, sakafu yote humkimbia.

Mteremko unaofanya kazi

Mwaga debe la mahindi sokoni Keroka. Lundo litapanda, litapanda, kisha litafika mahali ambapo kila punje unayoongeza juu inateremka hadi chini. Mteremko wa lundo hilo hauzidi tena, hata ukiongeza gunia zima. Kila kitu chenye chembechembe kina pembe yake ya mwisho, ambayo ikizidishwa chembe huporomoka. Kitukutuku huchimba kishimo chake mpaka kuta zikaribie pembe hiyo, mara nyingi kati ya nyuzi 30 na 40. Kishimo kikiwa peke yake hutulia. Mzigo mdogo ukiongezeka ukutani, hata uzito wa sisimizi mmoja, ukuta huanguka.

Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kuwinda hufanywa na udongo wenyewe. Buu hulipa gharama ya kuchimba mara moja, kisha uvutano wa dunia humletea chakula bila malipo. Yeye hubakiwa na kazi ya kukarabati, maana kila windo hubomoa ukuta kidogo na vumbi lililoteremka ni lazima litupwe.

Hapa ndipo mstari wa matone unapoamua kila kitu. Udongo ukilowa, hata kidogo, maji huingia katikati ya chembe na kuzishikanisha. Ukuta wa udongo wenye unyevu unaweza kusimama wima bila kuporomoka, na sisimizi ataupanda kama anavyopanda ukuta wa nyumba. Mvua ya upepo ikipiga chini ya upenu kwa saa moja, mitego yote iliyo karibu na mstari huharibika, na wenyewe hukaa chini wakingoja kukauke. Katika sehemu kame za Kenya kitukutuku anaweza kuchagua popote penye mchanga. Katika nyanda za Gusii chaguo lake ni jembamba, na mara nyingi limetengenezwa na fundi wa nyumba.

Sisimizi anapoteleza

Lala kifudifudi karibu na kishimo na utazame. Sisimizi anakuja akifuata ukuta, anafika ukingoni, miguu ya mbele inaingia. Chembe zinateremka. Anageuka apande juu, lakini kila hatua inaangusha vumbi chini yake, naye anabaki palepale akitembea. Mtikisiko wa chembe hizo umeshafika chini. Kitukutuku ana macho madogo sita yenye lenzi kila upande wa kichwa, lakini habari muhimu huzipata kwa vinyweleo vyake, vinavyohisi mitetemo inayopita kwenye vumbi kutoka umbali wa sentimita kadhaa.

Sisimizi akiwa na nguvu na kukaribia kutoroka, kichwa hutikisika na mrusho wa vumbi hupanda. Baadhi ya vumbi humgonga, lakini madhara makubwa yako kwingine: kurusha vumbi kutoka chini huondoa msingi wa ukuta, na ukuta wote huteremka pamoja na aliye juu yake. Mara nyingi mirusho michache hutosha. Mataya hufumba kiunoni au mguuni, na windo huanza kuvutwa chini ya vumbi. Windo likijitahidi kujinasua, vile vinyweleo vilivyoelekea mbele hujikita kwenye udongo na kumzuia buu asing'olewe mahali pake.

Charles Darwin alishuhudia tukio la namna hii huko New South Wales, Australia, mnamo Januari 1836, akiwa katika safari ya meli ya Beagle. Aliona nzi akitumbukia na kutoweka papo hapo, kisha sisimizi akirushiwa mchanga alipojaribu kupanda. Akalinganisha na vitukutuku wa Ulaya aliowajua na kuona kwamba kishimo kilikuwa na ukubwa wa nusu tu ya vile vya kwao. Kijana huyo wa miaka 26 alianza kujiuliza imekuwaje viumbe wawili, katika pande mbili za dunia, wakafikia ufundi uleule.

Mataya yenyewe yanastahili kutazamwa kwa lenzi. Kila upande una vipande viwili vilivyolaliana, taya la juu na taya la chini, na kati yao kuna mfereji. Kwa hiyo kila taya ni kisu na mrija kwa wakati mmoja. Kitukutuku hana mdomo wa kutafuna. Huchoma, humwaga ndani ya windo sumu na vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama, kisha hufyonza uji unaotokea. Akimaliza, gamba tupu hurushwa nje ya kishimo. Magamba hayo makavu yaliyotawanyika ukingoni ndiyo kumbukumbu ya alichokula wiki hiyo.

Sumu hiyo huenda haitoki kwake peke yake. Mwaka 2001 watafiti wa Japani waliripoti katika jarida la Nature kwamba kwenye mate ya buu wa kitukutuku waliomchunguza mna bakteria wanaotoa protini ya kupoozesha. Protini hiyo inafanana na protini ambayo bakteria wengi wanayo kwa kazi ya kawaida ya kusaidia protini nyingine zijikunje sawasawa. Katika mate ya mwindaji huyu, imepata kazi ya kuangusha wadudu. Mwindaji mpweke wa upenuni, kumbe, huenda ana washirika wasioonekana.

Mwili wa mwenye kungoja

Mwindaji anayefukuza anaweza kwenda mahali penye chakula. Anayetega hawezi. Siku tatu zinaweza kupita bila mdudu kuanguka, au wiki, na bado ni lazima aishi. Buu wa kitukutuku anaweza kukaa miezi bila kula. Mwili wake hutumia nguvu kidogo sana anapotulia, na ukuaji wake hufuata chakula. Hupitia hatua tatu, akijivua ngozi kati ya moja na nyingine. Mwenye bahati humaliza safari hiyo katika mwaka mmoja, asiye na bahati huchukua miaka miwili au mitatu. Ndiyo maana chini ya upenu mmoja utakuta vishimo vya ukubwa tofauti, kuanzia kile kinachotosha ncha ya penseli hadi kile kipana kuliko kifuniko cha chupa ya soda.

Ajabu zaidi iko tumboni. Utumbo wa kati wa buu haujaungana na utumbo wa nyuma. Hakuna njia ya kutoa mabaki ya chakula, na muda wote wa ubuu, hata uwe miaka mitatu, buu haendi haja kubwa. Chakula chake ni majimaji yaliyokwisha kumeng'enywa nje ya mwili, hivyo mabaki ni machache, nayo huhifadhiwa ndani mpaka siku atakapopata mabawa. Hapo huyatoa kwa mara ya kwanza yakiwa kidonge kigumu.

Kungoja kuna hatari yake. Kuku akiparua chini ya upenu, kishimo huvurugwa na mwenyewe hutupwa juani, mwili laini usio na pa kujificha. Jibu lake ni kujifanya amekufa. Ukimweka kiganjani ataganda, mataya yamefunguka, bila kutikisa mguu. Mwaka 2021 Franks na wenzake waliripoti kuhusu kitukutuku aliyebaki hivyo kwa dakika 61. Darwin, ambaye pia alivutiwa na tabia hii, alikuwa ameandika juu ya mbawakawa mmoja aliyejifanya mfu kwa dakika 23. Ndege anayewinda hupoteza hamu ya kitu kisichotikisika na kuelekeza macho kwa kinachotembea, na buu hupata nafasi ya kuzama tena kwenye vumbi.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mnyama wa aina hii hana haja ya kujifunza. Chakula huja chenyewe, akumbuke nini? Karen Hollis na wenzake wa Chuo cha Mount Holyoke, Marekani, waliamua kulipima wazo hilo. Waliwapa baadhi ya vitukutuku dalili kabla ya kuwapa chakula, yaani mchanga kidogo ulioangushwa karibu nao. Wengine walipewa dalili ileile na chakula kilekile, lakini kwa nyakati zisizohusiana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 na 2011 yalionyesha kwamba wale waliopata dalili yenye kutabiri chakula walijifunza kuitambua, wakafyonza mawindo kwa ufanisi zaidi, na wakapita hatua za ubuu mapema kuliko wenzao. Anayengoja, kumbe, hufaidika kwa kujua lini ajiandae. Na kila siku anayoipunguza kwenye maisha ya buu ni siku moja pungufu ya kukutana na kuku.

Hata mwezi una sehemu yake. Mwaka 1969 watafiti wa Afrika Kusini, Youthed na Moran, walionyesha kwamba vishimo vya spishi ya Kiafrika iitwayo Myrmeleon obscurus hupanuka na kupungua kwa kufuata mwandamo, vikifikia ukubwa wake karibu na mwezi mpevu. Mwanafunzi mwenye rula, daftari na subira ya miezi miwili anaweza kuupima mwenendo huo kwao Ekerenyo au Suneka.

Kutoka vumbini hadi hewani

Buu aliyeshiba vya kutosha hufunga kishimo chake na kushuka chini zaidi. Huko hufuma mpira wa hariri, na vumbi hunata kwa nje mpaka mpira huo unafanana na punje kubwa ya udongo. Hariri yake haitoki mdomoni kama ya nondo. Hutengenezwa na mirija ya Malpighi, ambayo kwa wadudu wengi kazi yake ni ileile ya figo, na hutokea sehemu ya nyuma. Kiungo kilichokuwa cha kusafisha mwili kimekuwa kiwanda cha uzi. Ndani ya mpira huo buu hugeuka kuwa bundo, na bundo kuwa mdudu kamili kwa muda wa wiki kadhaa.

Usiku mmoja mdudu mwenye mabawa hutoboa njia, hupanda ukuta au shina la nyasi, na kuning'inia huku mabawa yake manne yakijazwa na kukauka. Anayeonekana hapo hana dalili ya yule buu. Ni mwembamba na mrefu, mabawa yana mishipa mingi inayofuma wavu, na watu wengi humwita kerengende. Tofauti ni rahisi kuzijua. Kerengende ana vipapasio vifupi mno vinavyofanana na unywele, huruka mchana kwa kasi, na akitua mabawa yake hubaki yametandazwa. Kitukutuku mwenye mabawa ana vipapasio vinavyoonekana wazi, vinene mwishoni, huruka usiku kwa kupapatika kwa unyonge, na akitua hukunja mabawa juu ya mwili kama paa. Mdudu wa namna hiyo akija kwenye taa ya barazani usiku, huenda alikaa miaka miwili hatua tatu kutoka hapo, chini ya dirisha.

Maisha yake ya mabawa ni mafupi, wiki chache tu. Dume wa spishi nyingi ana kivimbe kidogo kwenye shina la bawa la nyuma, ambacho husaidia kusambaza harufu ya kumwita jike. Baada ya kupandana, jike hutafuta vumbi kavu, hugusagusa ardhi kwa ncha ya tumbo, na kutaga yai moja moja. Chaguo lake la usiku huo ndilo litakaloamua kama mwanawe ataanza maisha ndani ya mstari wa matone au nje yake.

Ukoo na maadui

Vitukutuku wako katika oda ya Neuroptera, na familia yao, Myrmeleontidae, ina zaidi ya spishi 1,500 duniani. Wengi wao hawachimbi vishimo. Hujificha kwenye mchanga, chini ya majani makavu au kwenye nyufa za miamba na kushambulia kinachopita. Afrika ina majitu ya ukoo huu, jenasi ya Palpares, ambao mabawa ya baadhi yao yakitandazwa hufika sentimita 16 kutoka ncha hadi ncha. Ndugu wengine wa oda hiyo ni wadudu wadogo wa kijani wenye mabawa kama wavu, ambao mabuu wao hula vidukari kwenye sukuma wiki na kumsaidia mkulima bila yeye kujua.

Mtego wa kishimo ni ufundi mzuri kiasi kwamba ulibuniwa zaidi ya mara moja. Mabuu wa familia moja ya nzi, Vermileonidae, nao huchimba vishimo vya namna hiyo na kungoja chini, ingawa ukoo wao uko mbali sana na wa kitukutuku. Tatizo likiwa moja na vumbi likiwa lilelile, viumbe tofauti wamefikia jibu moja.

Mwenye mtego naye hutegwa. Katika nchi za Mediterania kuna nyigu mdogo aitwaye Lasiochalcidia igiliensis ambaye jike wake huingia kishimoni kwa makusudi. Kitukutuku akirusha mataya kumkamata, nyigu huyashika kwa miguu yake imara ya nyuma, huyaweka wazi, na kutaga yai katika ngozi laini iliyo kati ya kichwa na kidari. Mtoto wa nyigu hukua kwa kumla buu aliyedhani amepata chakula.

Maabara ya bure

Shule nyingi za Kisii na Nyamira hazina maabara ya kutosha, lakini nyumba au darasa lenye upenu na vumbi lina vifaa tayari. Chota kijiko cha udongo chini kabisa ya kishimo, umwage polepole juu ya karatasi nyeupe, na ungoje. Kinachotikisika kwa kurudi nyuma ndicho unachokitafuta. Mweke kwenye beseni au sufuria pana yenye vumbi kavu la kina cha sentimita tano au zaidi, pahali penye kivuli. Mara nyingi kesho yake asubuhi mtego utakuwa tayari.

Kutoka hapo maswali hujileta. Chekecha vumbi kwa kitambaa na kwa chekecheo la chai, ujaze nusu ya beseni kwa chembe laini na nusu kwa chembe nene, uone atahamia wapi. Nyunyiza maji tone moja moja upande mmoja, uone kishimo kinaacha kufanya kazi kwenye unyevu wa kiasi gani. Pima upana na kina, ukokotoe mteremko, kisha umwage vumbi hilohilo liwe lundo na upime mteremko wake pia: nyuzi za pande hizo mbili zinakaribiana kiasi gani? Mpe buu mmoja sisimizi kila siku na mwenzake sisimizi kila wiki, na mlinganishe ukubwa wa vishimo vyao. Hayo ni majaribio kamili, yenye kinacholinganishwa, kinachopimwa na kinachoandikwa. Kazi ikiisha, warudishwe walikotolewa.

Kenya ina urithi mkubwa katika elimu ya wadudu. Thomas Odhiambo alianzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe jijini Nairobi mwaka 1970, akiamini kwamba Waafrika wanapaswa kuwachunguza wadudu wa Afrika katika ardhi ya Afrika, na kituo hicho kina kampasi huko Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, si mbali na nyanda za Gusii. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya huhifadhi mkusanyiko wa wadudu wenye lebo za mahali na tarehe. Kila lebo ya namna hiyo ilianza na mtu aliyeinama akaokota kitu ambacho wengine walikipita.

Ukanda mwembamba

Katika sensa ya mwaka 2019 Kisii ilihesabiwa kuwa na watu 958 kwa kila kilomita ya mraba, na Nyamira 675. Ni miongoni mwa maeneo ya mashambani yenye msongamano mkubwa nchini. Mashamba yamegawanywa mara nyingi, misitu imebaki vipande, na mtu anaweza kuona kwamba nafasi ya viumbe wengine imekwisha. Kitukutuku anaonyesha sura nyingine ya jambo hilo. Kwake, wingi wa nyumba ni wingi wa penu. Kila paa lililojengwa katika nchi hii ya mvua limeongeza ukanda wa udongo mkavu ambao usingekuwapo, na jike aliyebeba mayai ameutumia.

Lakini ujenzi unabadilika. Watu wanaweka saruji kuzunguka ukuta ili maji yasile msingi, na wana sababu nzuri: nyumba ya udongo isiyolindwa huanguka, na sakafu ngumu husafishika. Ghala la nguzo nalo linatoweka kadiri mahindi yanavyohifadhiwa kwenye magunia ndani ya nyumba. Palipomwagwa saruji hakuna kishimo. Hili si kosa la mtu yeyote, wala kitukutuku hatatoweka duniani kwa ajili yake. Kinachopotea ni ukaribu. Mtoto wa miaka sita alikuwa na mwindaji wa kumtazama hatua moja kutoka mlangoni, akajifunza kwa macho yake kwamba ardhi ina pembe yake ya kuanguka na kwamba subira ni kazi.

Kuulinda ukaribu huo hakuhitaji bajeti wala sheria. Anayejenga darasa Ogembo au nyumba Magombo anaweza kuacha upande mmoja, ule usiopigwa na mvua ya upepo, ubaki na udongo wake chini ya upenu. Mwalimu wa sayansi anaweza kuwatoa wanafunzi nje kwa kipindi kimoja, na mzazi anaweza kumwachia mtoto kona moja isiyofagiliwa. Mtoto akisharuhusiwa kutazama, atauliza, akisharuhusiwa kuuliza, atapima, na mwenye kupima hamngojei mtu wa mbali aje kumweleza ardhi ya kwao.